Majani Tuliyoyarudisha Msituni

Mwanangu Mejuma,

Salamu tulishapeana asubuhi, shikamoo yako niliipokea, kwa hivyo hapa sizirudii. Nimekaa kwenye benchi la kikapu cha kwanza, hapa msituni, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na jua la alasiri linanichoma shingo. Wewe umekwenda Mtongwe kumuaga shangazi yako. Najua hurudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamwachi mgeni aondoke mpaka amlishe mara mbili. Afadhali. Ungekuwa hapa ungesimama nyuma yangu ukaanza kunisahihisha, nami ningekufukuza kwa kiatu, na barua isingeandikwa.

Begi lako nimeshalifunga. Mambo ya neti, mafuta ya kifua na kulala na nywele mbichi nimeyasema wiki nzima, mpaka umeanza kuitika "abee, mama" kabla sijafungua kinywa. Hayo yamekwisha. Nataka tuzungumze juu ya msitu, kwa sababu msitu ndio unaokuondoa nyumbani, na mimi nina furaha mpaka sijui niiweke wapi.

Unaikumbuka simu ya yule mwalimu mkuu wa huko milimani? Ulikuwa bafuni. Akaniambia shule yao ina msitu wa zamani wenye vikapu vya visahani, na kwamba vimeachwa miaka mingi, vimezama kwenye magugu. "Tunamtafuta yule binti aliyefufua uwanja wa Likoni," akasema. Nikamjibu kwa adabu zote, "Yuaoga, ngoja kidogo." Kisha nikaiweka simu juu ya meza nikapiga vigelegele, mpaka Bi Tatu jirani yetu akaja mbio na mikono imejaa unga, akiuliza ni nani anayeolewa. Mwalimu mkuu aliyasikia yote. Nilipoishika simu tena alikuwa anacheka, na akasema atangoja hata saa nzima.

Shangazi yako mpaka leo hauelewi mchezo wenyewe. Juzi nilimweleza tena. Nikamwambia, unasimama kwenye kibaraza cha simiti, una kisahani cha plastiki mkononi, kama kifuniko cha sufuria lakini chepesi. Unakirusha kipite katikati ya miti mpaka kwenye kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo, chenye minyororo inayoning'inia. Kikiigonga minyororo kinaanguka ndani. Anayemaliza vikapu vyote kwa mirusho michache ndiye mshindi. Shangazi yako akafikiri, akauliza, "Sasa hiyo miti mbona hamuiondoi?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuuliza mimi, tena nikiwa na shoka mkononi.

Wewe ulikuwa bado mdogo ilipofungwa ile hoteli ya watalii iliyojenga vikapu vyetu. Mimi nilikuwa dobi pale, na mashuka ya wageni nilikuwa nikiyaanika kwenye kamba zilizofungwa baina ya mivinje, huku nikiwaona watu wazima na akili zao wakikimbiza visahani msituni. Hoteli ilipokufa, vitanda viliondoka, milango ikaondoka, hata vioo vya vyooni viliondoka. Vikapu tu ndivyo vilivyobaki, kwa sababu vilikuwa vimechimbiwa kwa simiti na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuving'oa. Msitu ukavifunika. Kikapu cha pili kuku wa Bi Tatu walikifanya kiota. Cha sita mtu alikuwa akifungia mbuzi. Cha nane kilipotea kabisa, mpaka siku ile ulipokigonga kwa panga ukidhani ni jiwe, na mtambaa wa upupu ukakuangukia, ukaja nyumbani unajikuna huku unacheka.

Yote yalianza kwa kuku. Ulikwenda kumtafuta kuku wetu kichakani, ukarudi bila kuku, una kisahani cha manjano kilichojaa siafu. Ukakiosha, ukakirusha uani, kikavunja bilauri yangu ya chai. Nilikufokea, wajua nilivyokufokea. Lakini niliona uso wako. Ulikuwa umemaliza chuo cha ufundi na umekaa nyumbani muda mrefu unangojea kazi, na uso ule nilikuwa sijauona tangu siku ya matokeo yako. Nikazoa vigae kimya kimya, na kesho yake ulipochukua panga na kuingia msituni sikukuuliza unakwenda wapi.

Kisha akaja Mzee Bakari, mwenye ardhi. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alikaa barazani, akanywa maji, akasema bila kuzunguka, "Bi Nimwaka, ule msitu nataka kuukata viwanja niuze. Umekaa bure. Wafuga nyoka na wahuni tu." Nilifikiri juu ya kivuli kile, na upepo unaotujia kutoka ng'ambo ya miti wakati wa kaskazi, na watoto wa mtaa mzima ambao hawana pengine pa kucheza. Lakini ardhi ni yake, ningemwambia nini? Ni wewe uliyetoka chumbani.

"Shikamoo, mzee. Si bure," ukamwambia. "Mna uwanja mle ndani."

"Uwanja wa nani? Mimi tangu hoteli ifungwe sijamwona mtu akicheza."

"Tupe mpaka masika yaishe utawaona."

Alikutazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Haya. Masika yakiisha nitakuja na mpimaji. Nikikuta watu wanacheza, tutasema. Nikikuta kichaka, asinilaumu mtu." Akaondoka, na wewe ukaingia jikoni ukanywa maji gilasi mbili mfululizo. Pale barazani hukuyumba hata kidogo, na hilo mwanangu nimelieleza kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza, na kwa wengine ambao hawakukubali.

Sasa tufike kwenye fagio langu. Najua ulikuwa unalingojea.

Mimi nimefunzwa na mamangu kwamba mwanamke anajulikana kwa ua wake. Ua usiofagiwa alfajiri ni aibu, na jani moja likionekana saa tatu ya asubuhi, mpita njia ana haki ya kuuliza kama nyumba ile ina mgonjwa. Kwa hivyo ulipomaliza kufungua njia za kikapu hadi kikapu, mimi niliona kazi yangu imefika. Nikawakusanya akina mama wa chama chetu, kila mmoja na fagio lake la chelewa, tukauingia msitu. Tulifagia. Tulifagia majani ya mikanju, tukafagia yale membamba ya mivinje yaliyolala pale tangu enzi za hoteli, tukayatia kwenye magunia, tukayatupa jaani. Tulipomaliza kikapu cha sita ardhi ilikuwa nyeupe inang'aa, alama za chelewa zimepangika kama nywele zilizochanwa. Mzee Bakari alipita njia akasimama. "Mashallah," akasema, "hapa mtu angeweza kufuturu bila mkeka." Nilitembea siku ile kama niliyevaa dhahabu.

Wewe ulikuwa umeniambia. Ulikuwa umesema, polepole, huku umeshika kisahani chako, "Mama, majani tungeyaacha." Nami nikakujibu kwamba sikai na takataka, na msitu wangu pia haukai na takataka. Babako aliporudi jioni kutoka Changamwe, mafuta ya malori bado yapo mikononi, alisimama pale akatazama kulia na kushoto. "Mke wangu," akauliza, "huu msitu unangojea mgeni gani?" Nikamwambia akaoge.

Mvua ya kwanza kubwa ya masika ilipiga usiku kucha, na asubuhi tulikwenda kutazama. Maji yalikuwa yameteremka kwenye ile ardhi yangu nyeupe bila kukutana na kitu cha kuyazuia hata kidogo. Chini ya kikapu cha nne palikuwa na handaki. Kibaraza cha tano kilikuwa kinaning'inia upande mmoja, unapitisha mguu chini yake. Kikapu cha tano chenyewe kilikuwa kimelala. Kibaraza cha sita hukioni, ni mchanga mtupu. Na ule mkanju mkubwa uliosimama katikati ya njia ya kikapu cha nne ulikuwa na mizizi nje, mpaka niliona haya kuutazama.

Nilifanya nini? Nilitafuta wa kumlaumu. Nilianza na Fundi Charo, maskini, aliyekuja kutoka Mikindani na mashine yake ya kuchomelea kutukarabatia vikapu na vibaraza kwa mapenzi tu ya mchezo. "Fundi, simiti hii uliichanganya na nini, uji?" Charo ni mtu mtulivu. Akachuchumaa, akagonga kwa nyundo, akasema, "Mama Mejuma, simiti iko sawa. Udongo ndio umehama." Sikumsikiliza. Nikailaumu mvua. Nikawalaumu mbuzi wa Bi Tatu, ambao siku ile walikuwa wamefungwa nyumbani kwao wanakula maganda ya ndizi. Kisha nikakununia wewe.

Na wewe hukusema "nilikwambia". Nilingoja useme. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu, jibu kali kweli, na hukunipa nafasi ya kulitumia. Ulikwenda zako mpaka kikapu cha saba, ukaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mama, njoo utie mkono hapa."

Kikapu cha saba hatukukifagia. Akina mama walikuwa wamechoka, migongo inauma, tukasema tutamalizia Jumamosi. Majani yalikuwa bado yamelala pale tabaka kwa tabaka, yamelowa, yananuka uozo mzuri. Nikaingiza mkono. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, umekaa mahali pake kana kwamba haikunyesha. Nyungunyungu mmoja akajikunja kwenye kidole changu. Halafu nikageuka nyuma, pale fagio lilipoishia, nikaiona ardhi ngumu iliyokatwakatwa na maji. Nikachuchumaa, nikautia mkono tena nihakikishe.

Mejuma, siku ile hukuniaibisha, na sijapata kukushukuru. Nakushukuru sasa. Mtu mwingine angenishika mkono akanionyesha makosa yangu moja baada ya jingine, na mimi kwa jeuri yangu ningekifagia na hicho cha saba. Wewe ulinionyesha udongo, ukaninyamazia. Sijui ulijifunzia wapi. Kwangu hukujifunza.

Kilichofuata bado hunichekesha nikiwa peke yangu jikoni. Tulikwenda jaani tukayarudisha majani. Akina mama wale wale, magunia yale yale, tunapita barabarani tumeyabeba vichwani kuelekea msituni, na watu wamesimama nje ya maduka wanatukodolea macho. "Bi Nimwaka," akaita muuza viazi karai, "leo takataka zaenda wapi?" Nikamjibu kwa sauti kubwa ili wasikie wote, "Nazirudisha kwao!" Walicheka mpaka mafuta yake yakaungua. Mimi nilicheka kuwashinda, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba kicheko chao hakiniumi. Kilikuwa kimeniogopesha maisha yangu yote, kile kicheko cha barabarani, na kumbe ni kitu cha kupita tu.

Lakini majani peke yake yasingelishika lile handaki. Hapo ndipo ulipofikiria makumbi. Kivukoni wauza madafu hutupa marundo ya makumbi kila siku, na walifurahi kuondolewa. Tuliyaleta kwa mkokoteni, safari baada ya safari. Ukayapanga kukingama mteremko, safu juu ya safu, mgongo juu, ukayabana kwa vigingi vya mvinje. Charo alikisimamisha tena kikapu cha tano. Mchanga wa kibaraza cha sita tuliuchota ukajaza nyuma ya makumbi. Mgongo ulinivunjika, lakini kila nilipokutazama ulikuwa unafanya kazi huku unaimba, nikasema basi, nami naendelea.

Ulibaki ule mkanju. Mimi nilisema ukatwe. Mizizi iko nje, utakufa tu, na isitoshe umeziba njia moja kwa moja, anayerusha kisahani anaugonga. Nikaja na shoka la babako. Ukasimama mbele ya mti.

"Mama, ukiukata huu tutabaki na uwanja wa mpira," ukasema. "Mti ndio mchezo."

"Mti ni mti. Ondoka hapo."

"Weka shoka chini, ushike hiki. Kirushe kushoto kabisa, kiinamishe kidogo, usikielekeze kwenye kikapu. Kitarudi chenyewe."

Nilikirusha kwa hasira. Kikaenda kushoto, mbali, nikafikiri kimepotea kwa Bi Tatu. Kisha kikalala ubavu kikazunguka mti, kikarudi upande wetu polepole, kikatua karibu na kikapu. Wallahi sikuamini kwamba mkono ule ni wangu. Nilitaka kurusha tena. Shoka lilibaki pale majanini mpaka babako alipokuja kulitafuta. Tuliirudishia ile mizizi udongo na majani, na mwaka huu umezaa korosho na mabibo ambayo nimeyala mpaka midomo ikaniwasha.

Charo alipofunga minyororo mipya, aliishika akaitikisa kuijaribu. Hukujua kwa nini nilikaa chini ghafla. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu siku za mashuka. Nilikuwa kijana, nina kazi, nina wewe mgongoni, na nilidhani mambo yale yalikuwa yamefungwa pamoja na milango ya hoteli. Nililia kidogo, nikajifuta na leso, nikawaambia ni upupu.

Halafu ikaja siku yenyewe. Mzee Bakari alikuwa ametuma salamu kwamba atafika Jumapili asubuhi na mpimaji wake. Wewe ulikuwa umewaita vijana uliokuwa ukiwafundisha kila jioni, wa Kisauni, wa Chaani, wa Mikindani, wengine hawana hata visahani, wamekata vifuniko vya ndoo wakavisugua mpaka vikaruka. Na usiku wa kuamkia Jumapili mvua ikaja tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilikuwa nasikia mabati yakipigwa, na nilijua nawe umelala macho wazi chumba cha pili. Baada ya swala ya alfajiri tulitoka sote watatu, babako mbele na mwavuli uliovunjika.

Safu ya kwanza ya makumbi ilikuwa imesimama. Ya pili imesimama. Nyuma ya kila safu maji yalikuwa yametua mchanga wake mwenyewe, ngazi ndogo ya udongo mpya, na kutoka hapo yalikuwa yameshuka polepole kwenye majani na kunywewa. Kibaraza cha tano, kimekaa. Kikapu cha tano, kimesimama wima, kinadondosha matone. Ulianza kukimbia kutoka kikapu kimoja hadi kingine, unaitikisa minyororo kwa mkono, na mimi nakusikia tu katikati ya miti, cha sita, cha saba, cha nane, cha tisa, vyote vinalia. Babako aliivua kofia yake. "Fagio umelificha wapi?" akaniuliza. Nikamshika mkono, mbele ya watu walioanza kuja, jambo ambalo sijafanya tangu arusi.

Mzee Bakari alikuja amevaa viatu vya mpira, ameipandisha kanzu mpaka magotini, tayari kwa tope. Hapakuwa na tope. Alikuja mpaka kikapu cha nne akasimama na mpimaji wake, na mbele yake vijana walikuwa wanarusha, wanazomeana, wanashangilia. Kila minyororo ilipolia msitu wote ulipiga kelele.

"Kwani wagombania nini?" akauliza.

Wewe ulimwendea na kile kisahani cha manjano. "Shikamoo, mzee. Karibu urushe."

"Mimi? Na kanzu hii?"

"Kanzu haishiki mkono, mzee."

Cha kwanza kiligonga mkanju, to! Hakuna aliyecheka, nilikuwa nimeshawakazia macho wote. "Nipe tena," akasema. Cha pili kikaingia majanini. Akaukunja mkono wa kanzu. Ukamwonyesha, kushoto kabisa, kiinamishe, usikielekeze kwenye kikapu. Cha tatu kikaenda kushoto, kikalala ubavu, kikazunguka mti, kikatua hatua chache kutoka kwenye nguzo. Mzee alikwenda hadi pale karibu anakimbia. Akakirusha kwa chini, kwa adabu, na minyororo ikalia.

Mzee Bakari aliinua mikono yote miwili. Mwavuli aliokuwa ameubana kwapani ulianguka, hakuuokota. Alitaka kikapu cha tano, kisha cha sita, na mpimaji akabaki pale na vifaa vyake hana wa kumwambia aanzie wapi. Tulipofika cha tisa mzee alikuwa analowa jasho, kanzu ina madoa ya majani, na anabishana na kijana wa Chaani kama ni mirusho minne au mitano. Ndipo mpimaji alipomkaribia akauliza, "Mzee, viwanja nianzie upande gani?"

"Viwanja vipi?" akasema Mzee Bakari. "Pima mzunguko. Msitu mzima, kipande kimoja, uweke alama nje. Ndani usiguse. Huoni kwamba watu wanacheza?"

Kelele zile, mwanangu! Bi Tatu aliniinua. Mimi! Na mwili huu! Charo alipiga nyundo kwenye nguzo ya kikapu cha tisa mpaka nikahofia ataivunja. Nawe ulisimama mbali kidogo, umeegemea mvinje, unatabasamu kwa upande mmoja kama babako, huna haja ya kupiga kelele. Nilikutazama nikajua kwamba utaondoka. Hakuna simu iliyokuwa imepigwa bado, lakini nilijua. Na niliona fahari kubwa kuliko huzuni, nakwambia kweli, huzuni ilikuja baadaye, wakati wa kuosha vyombo.

Sasa unakwenda kwenye msitu ambao mimi siujui. Usiende na makumbi yangu, huko hakuna minazi. Usiende hata na somo langu ukaligeuza sheria. Huenda miti ya huko ina majani yanayoshika moto, huenda huko yanataka kuondolewa kweli, mimi sijui na wewe pia hujui bado. Kaa nayo mvua moja kwanza. Itafute pembe ambayo hakuna aliyeigusa, utie mkono. Watu wa pale watakuwa na jambo lao la kujivunia, kama mimi na ua wangu, na jambo hilo litakuudhi. Vumilia. Kuna mtu huko atakayeshika shoka huku amekunja uso, na ukimpa kisahani mkononi mapema huenda akawa ndiye atakayekubebea magunia.

Na siku moja utakuwa mkubwa pale, unajua kila kitu, na binti mdogo atakuja akwambie kwamba unakosea. Utakasirika. Kasirika tu, umenirithi. Lakini akikuita uje utie mkono, nenda.

Kisahani cha manjano nimekitia ndani ya begi, chini ya sweta. Bilauri yangu nimekusamehe.

Jambo moja la mwisho, na kalamu inaisha wino. Bibi yako, Mungu amrehemu, mtu wake akisafiri hakuwa akifagia nyumba mpaka apate habari kwamba amefika. Alikuwa akisema nyayo za msafiri ziachwe zimlinde njiani. Mimi nilikuwa nikimcheka. Babako hajafika kona ya barabara, mimi nimeshafagia. Kesho sifagii. Utatoka kwenye mlango ule, na mchanga uliokanyaga utakaa vile vile, na majani ya mkilifi wa uani yataanguka juu yake, na Bi Tatu atachungulia aulize kama kuna mgonjwa, na nitamwambia ndiyo, niache. Ukifika huko, kabla ya chai, kabla hata ya kuvua viatu, ingia kwenye magugu yao utafute kikapu kimoja. Hata kama kimeoza kwa kutu. Nipigie simu, usiseme neno, itikise tu minyororo nisikie.

Nikishaisikia, ndipo nitakapolishika fagio langu. Nitafagia ua tu, mwanangu. Msitu nitauacha.

Mamako,
Nimwaka